Mifupa Iliyogeuka Mawe: Habari za Tendaguru

Wasikilizaji wetu, jioni hii twapenda kuwasimulia habari za wanyama ambao hapana mtu aliyewaona wakiwa hai, wala babu yake, wala babu wa babu yake. Walakini twajua urefu wa miguu yao na umbo la meno yao, na kwa wengine twajua hata kama walikula majani au nyama. Mtu aweza kutuuliza, "Habari hizi mmezipata wapi, ikiwa hapana aliyeshuhudia?" Swali hilo ni la haki, na mazungumzo yetu ya leo ndiyo jibu lake. Hatutaki mtuamini tu kwa kuwa tumesema. Twataka kuwaonyesha njia ambayo kwayo jiwe huulizwa maswali, nalo likajibu.

Tena kwa kuwa mfano wa karibu hufundisha kuliko wa mbali, hatutavuka bahari kuutafuta. Kusini mwa Tanzania, yapata kilometa 60 kutoka mji wa Lindi kwa upande wa kaskazini-magharibi, kuna kilima kiitwacho Tendaguru. Si kilima kirefu, na msafiri asiyeambiwa aweza kukipita bila kugeuza kichwa. Lakini jina lake lajulikana na mabingwa wa elimu ya viumbe vya kale duniani kote, maana katika ardhi inayokizunguka ilichimbwa mifupa ya wanyama wakubwa mno kupita ndovu mara nyingi. Wanyama hao huitwa dinosauri.

Kwanza na tufahamiane juu ya maneno. Kisukuku ni mabaki ya kiumbe cha zamani sana, au alama yake, iliyohifadhiwa ardhini. Si lazima kiwe mfupa. Jino laweza kuwa kisukuku. Kadhalika kombe la baharini lililogeuka jiwe, na chapa ya jani katika mwamba, na hata unyayo. Huko Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1978 zilichimbuliwa nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kama sisi. Walipita juu ya majivu ya volkeno yapata miaka milioni 3.6 iliyopita, majivu yakashika chapa yao yakawa magumu. Nyayo zile peke yake zatosha kutuambia kwamba walisimama wima.

Neno dinosauri lilitungwa mwaka 1842 na Mwingereza Richard Owen, kutokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya mjusi wa kutisha. Owen alikuwa amechunguza mifupa ya wanyama watatu wa kale iliyopatikana Uingereza. Akaona kwamba, ingawa walikuwa wanyama mbalimbali, walifanana kwa mambo ambayo hayaonekani katika mijusi ya leo. Pingili za mgongo juu ya nyonga zilikuwa zimeungana kwa nguvu, na miguu ilisimama chini ya mwili kama nguzo chini ya dari. Mtazameni kenge akitembea: magoti yake yametoka kando, na tumbo lake lakaribia kugusa chini. Dinosauri hakuwa hivyo. Miguu yake ilishuka moja kwa moja, kama ya ng'ombe au ya kuku.

Basi hiyo ndiyo alama, wala si ukubwa. Si kila mnyama mkubwa wa kale ni dinosauri. Wale walioruka kwa mabawa ya ngozi, na wale walioogelea baharini kwa mapezi, waliishi zamani zilezile, lakini walikuwa kabila nyingine. Wala si kila dinosauri alikuwa jitu. Wengine hawakumzidi kuku kwa ukubwa.

Sasa tuulize, mfupa hugeukaje kuwa jiwe? Mnyama akifa porini, fisi na tai humla, na jua na mvua humaliza kilichosalia. Baada ya miaka michache hapana hata alama. Ndivyo ilivyo kwa walio wengi. Lakini mara moja moja mnyama hufa kando ya mto, au ziwa, au bahari, na kabla mabaki yake hayajatawanyika, tope au mchanga humfunika. Nyama huoza, mifupa husalia. Kila masika tope jipya huja juu ya lile la zamani, hata lile la chini likagandamizwa likawa mwamba.

Maji hupenya polepole katika mwamba ule, nayo si maji matupu. Yamebeba chokaa na madini mengine yaliyoyeyuka ndani yake. Jambo hili mama zetu wanalijua sana. Chungu kinachochemshiwa maji ya kisima cha chumvi kila siku hushika ukoko mweupe kwa ndani, na ukoko ule ulikuwa katika maji, ingawa macho hayakuuona. Vivyo hivyo ndani ya mfupa mna vitundu vidogo visivyohesabika, na madini huvijaza kimoja kimoja, hata mfupa ukawa mzito na mgumu kama jiwe, ilhali umbo lake la kwanza halikupotea. Mwisho mvua na mito hula ardhi ya juu, na mfupa uliozikwa zamani hutokeza tena juani.

Kutokana na hayo twapata mafundisho mawili. La kwanza, visukuku tulivyo navyo ni vichache mno kuliko viumbe vilivyoishi. Sisi tu kama mtu aliyeokota kurasa chache za kitabu kikubwa. La pili, na hili ndilo tunaloliomba lishikwe sana usiku wa leo: mwamba uliofunika mfupa ni sehemu ya habari ya mfupa. Mfupa uliong'olewa mahali pake, pasipo mtu kuandika ulilala wapi, na ulilala vipi, na pamoja na nini, umepoteza nusu ya ushahidi wake.

Tueleze maana ya maneno hayo. Litazameni jaa la kijiji. Takataka za mwaka huu ziko juu, za mwaka jana ziko chini yake, na vigae vya vyungu vya bibi zetu viko chini kabisa. Mtu akichimba kwa uangalifu ataweza kusema kigae kipi kilitangulia na kipi kilifuata, ingawa hakuwapo vilipotupwa. Lakini akichota kila kitu kwa pamoja na kukimwaga uani, hata aliyevitupa mwenyewe hataweza kuvipanga tena. Ardhi nayo ina tabaka zake kama jaa, na isipokuwa pale ilipopinduliwa, tabaka ya chini ndiyo ya kwanza.

Huko Tendaguru tabaka hizo husomeka vizuri sana. Ziko tatu zenye mifupa ya dinosauri, na kati yake ziko tabaka za mchanga zilizojaa makombe ya baharini. Na juu ya ile ya tatu iko tena nyingine ya makombe. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba bahari ilikuwa ikija na kurudi. Palikuwa na pwani yenye wangwa na vidimbwi, na dinosauri wakitembea karibu yake. Kisha bahari ikapanda ikaifunika pwani ile. Kisha ikarudi nyuma, wanyama wakaja tena. Haya yote hayakuandikwa katika mfupa wowote. Yaliandikwa katika mpangilio wa tabaka.

Makombe yale ndiyo yaliyosaidia pia kujua umri. Mojawapo ni kombe lililojisokota kama pembe ya kondoo dume, nalo huitwa amoniti. Aina za amoniti zilibadilika upesi, tena zilienea katika bahari nyingi. Kwa hiyo aina ileile ikionekana Lindi na ikionekana Ulaya, yajulikana kwamba tabaka hizo mbili ni za zamani moja. Lakini ni miaka mingapi? Hapo husaidia mawe ya volkeno yapatikanayo mahali pengine katika tabaka za zamani ileile. Ndani yake mna madini ya urani, ambayo hugeuka kuwa risasi kidogo kidogo kwa mwendo usiobadilika. Nusu ya urani iliyo ya kawaida hugeuka kwa muda wa miaka karibu milioni 4,500. Bingwa akipima urani iliyobaki na risasi iliyopatikana, hujua jiwe lilifanyika lini. Ni kama mtu ajuaye mwendo wa mshumaa: akitazama kipande kilichosalia, aweza kusema umewaka kwa saa ngapi. Kwa njia hizo yajulikana kwamba mifupa ya Tendaguru ni ya miaka yapata milioni 150.

Hesabu hiyo ni kubwa hata akili yachoka. Basi na tuipime kwa miguu. Simama mlangoni pa nyumba yako, utembee, na kila hatua moja ihesabiwe kuwa miaka milioni moja. Miaka 800 ya enzi za Kilwa, wakati masultani walipojenga kwa mawe ya matumbawe, haitazidi unene wa ukucha wako. Fuvu la mtu wa kale aliloliona Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa miaka yapata milioni 1.75, lipo kabla hujamaliza hatua ya pili. Utakwenda hatua 66 ndipo utakapowakuta dinosauri wa mwisho. Utakwenda hatua 150 ndipo utakapofika Tendaguru ilipokuwa pwani. Na hatua kama 230 zitakufikisha kwa dinosauri wa kwanza kwanza. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba wazee wa kale waliwawinda dinosauri, mwambie atembee kwanza hatua hizo.

Mabingwa wameigawa safari ile ya dinosauri katika zama tatu: Triasi, kisha Jurasi, kisha Kretasi. Mifupa ya Tendaguru ni ya mwisho wa Jurasi. Zama za Kretasi zilikoma kwa msiba mkubwa. Mwaka 1980 mabingwa wa Marekani, miongoni mwao Luis Alvarez na mwanawe Walter, walitangaza kwamba katika utando mwembamba wa udongo ulio mwisho wa zama hizo waliona madini ya iridi mengi kupita kiasi. Madini hayo ni haba sana juu ya ardhi, lakini si haba hivyo katika mawe yaangukayo kutoka mbinguni. Baadaye likatambulikana shimo kubwa lililozikwa huko Yucatan katika nchi ya Meksiko, lenye upana wa yapata kilometa 180, ambalo lilichimbwa na jiwe kama hilo lilipoipiga dunia. Angalieni tena: jibu lilitoka katika tabaka ya udongo, wala halikutoka katika mfupa.

Hata hivyo dinosauri hawakutoweka wote. Tawi moja dogo, lenye manyoya, lilisalimika, nalo ni ndege. Kesho asubuhi mtazameni kuku wenu, jinsi miguu yake ilivyosimama chini ya mwili, na magamba yaliyo juu ya miguu hiyo. Huyo ni wa ukoo uleule.

Sasa turudi kusini, tusimulie jinsi mifupa ya Tendaguru ilivyotoka ardhini. Mwaka 1906, nchi ilipokuwa chini ya Wajerumani, ambao wazee waliwaita Wadachi, mhandisi wa madini jina lake Bernhard Sattler aliuona karibu na kilima kile mfupa mkubwa mno umetokeza ardhini. Wenyeji walikuwa wakipita katika nchi ile siku zote, na macho yao si pungufu kuliko ya mgeni. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na watu wa kuwapelekea habari huko Ulaya. Mwaka 1907 akaja bingwa Eberhard Fraas wa Stuttgart, akaona, akastaajabu, akachukua baadhi ya mifupa. Kisha Wilhelm Branca, mkuu wa makumbusho ya viumbe mjini Berlin, akaandaa msafara kwa fedha zilizochangwa na watu wakubwa wa nchi yake. Mwaka 1909 wakafika Tendaguru mabingwa wawili, Werner Janensch na Edwin Hennig. Baadaye akaja Hans Reck. Na kazi ikaendelea hata mwaka 1913.

Lakini msisahau ilikuwa miaka gani. Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905 vikaisha mwaka 1907, na Wamwera wa nchi ya Lindi walikuwamo. Chakula kilichomwa mashambani na maghalani, njaa ikafuata, na watu wengi sana wakafa. Basi walioshika majembe na sururu huko Tendaguru walikuwa ni watu waliotoka katika msiba huo, wakitafuta ujira. Wengi walikuja pamoja na wake zao na watoto wao, wakajenga nyumba, kambi ikawa kijiji. Idadi yao iliongezeka mwaka kwa mwaka, na katika mwaka 1911 walikaribia 500.

Kazi ilikuwa namna gani? Kwanza walichimba mashimo na mifereji mirefu kwa majembe na sururu. Mfupa ukionekana, chuma kikubwa huwekwa kando, kazi ikaendelea kwa visu na tindo na brashi, maana mfupa uliogeuka jiwe huvunjika kama kigae, na mwingi ulikuwa na nyufa tayari. Kisha hufungwa kwa plasta, na plasta ikipungua, kwa udongo wa palepale. Halafu huzungushiwa mianzi iliyofungwa kwa kamba, ukawa kama mgonjwa aliyefungwa mabanzi. Kwa kuwa mbung'o waliua wanyama wa mizigo, kila kitu kilichukuliwa na watu, kichwani au begani, kwa miguu mpaka Lindi, mwendo wa siku tatu au nne. Mifupa mikubwa ilikatwa vipande na kuchukuliwa na watu kadhaa kwa miti. Huko Lindi ikapakiwa melini. Kwa jumla zilipelekwa Ujerumani tani zaidi ya 200 za mifupa na mawe yake. Fikirini shingo ngapi zilibeba tani hizo.

Juu ya wachimbaji wote aliwekwa mnyapara mkuu, naye aliitwa Boheti bin Amrani. Yeye ndiye aliyesimamia watu, tena ndiye aliyekuwa fundi wa kwanza katika kuisafisha mifupa na kuitayarisha. Na hapa ndipo twataka mlikumbuke neno letu juu ya mfupa na mahali pake. Bingwa mmoja au wawili hawawezi kusimama katika mashimo mengi kwa wakati mmoja. Sururu inapogusa kitu kigumu, yule aliyeishika ndiye anayeamua, kwa kufumba na kufumbua, kama apige tena au asimame. Akipiga tena, ushahidi wa miaka milioni 150 umevunjika. Akisimama, umesalimika. Elimu yote ya Tendaguru ilipitia katika mikono iliyosimama.

Kila shimo lilipewa herufi yake, na kila mnyama namba yake, na kila mfupa ukaandikwa. Mara nyingine waliikuta mifupa ya miguu imesimama wima ardhini, ilhali mwili wa juu umetoweka. Mabingwa wakafikiri kwamba mnyama yule alinasa katika tope akashindwa kujitoa, akafia palepale. Mfupa ule ungalipelekwa Berlin pasipo maandishi ya jinsi ulivyosimama, nani angalijua habari ya kifo chake?

Katika shimo lililoitwa S walipata wanyama wawili wakubwa. Wa pili, aliyeandikwa S II, alikuwa na mfupa wa mkono, tangu bega mpaka kiwiko, wenye urefu wa mita 2.13, mtu mrefu asimamapo kando yake, mfupa humzidi. Janensch alimpa mnyama huyo jina la Brachiosaurus brancai mwaka 1914, na siku hizi wengi humwita Giraffatitan, yaani jitu la twiga, kwa kuwa miguu yake ya mbele ilikuwa mirefu kuliko ya nyuma na shingo yake ilipanda juu. Kiunzi chake kilisimamishwa katika makumbusho ya Berlin mwaka 1937. Sehemu kubwa ni ya yule S II, na palipopungua pakajazwa kwa mifupa ya wenziwe na kwa mifano iliyofinyangwa. Kimo chake sasa ni mita 13.27, nacho ndicho kiunzi cha dinosauri kirefu kwenda juu kuliko vyote vilivyosimamishwa kwa mifupa ya kweli duniani.

Hakuwa peke yake. Alikuwapo Kentrosaurus, mla majani wa urefu wa yapata mita 4.5, mwenye mabamba mgongoni na miiba mirefu mkiani. Alikuwapo Dicraeosaurus, jamaa wa wale majitu wenye shingo, lakini mdogo kwao. Alikuwapo Elaphrosaurus, mwembamba na mwepesi, mwenye miguu ya kukimbia. Mmoja hula matawi ya juu, mwingine hula majani ya chini, kama vile twiga na pofu na swala wagawanavyo nyika moja bila kugombana.

Vita vya mwaka 1914 hata 1918 vikaupita upande ule wa kusini, na baada yake nchi ikawa chini ya Waingereza. Nao wakatuma msafara wao kutoka makumbusho ya London, ukafanya kazi tangu mwaka 1924 hata 1931. Mkuu wake wa kwanza, William Cutler, alikufa kwa malaria mwaka 1925. Katika vita vya pili vya dunia, baadhi ya mifupa iliyokuwa Berlin iliharibika kwa mabomu. Hata leo katika makumbusho hayo viko vifurushi vya mianzi vilivyofungwa Tendaguru zaidi ya miaka 100 iliyopita ambavyo havijafunguliwa. Mabingwa huvichungulia kwa mionzi kama daktari achunguliavyo kifua cha mgonjwa. Na katika Tanzania swali limeulizwa mara kwa mara, hata katika Bunge: je, mifupa hii haipaswi kurudi kwao, au angalau kuwafaidia watu wa kwao? Swali hilo halijakwisha, na kila msikilizaji ana haki ya kulifikiri.

Lakini kabla ya kuachana, tuseme juu ya majina. Wenye elimu wanapomtambua mnyama mpya, humpa jina la maneno mawili, na neno la pili mara nyingi ni la heshima kwa mtu. Basi tazameni majina ya Tendaguru. Brancai ni kwa heshima ya Branca, mkuu wa makumbusho. Hansemanni ni kwa heshima ya Hansemann, na bambergi ni kwa heshima ya Bamberg, ambao walisaidia upande wa fedha. Lettowvorbecki ni kwa heshima ya jemadari Lettow-Vorbeck, ambaye askari wake, pamoja na askari wa adui zake, waliwachukua watu wa nchi hii kuwa wapagazi wa vita na kuwaachia njaa. Huyo hakuchimba mfupa hata mmoja. Na waliochimba je? Majina yao walio wengi hayajulikani kwa watu. Katika picha za zamani twawaona wamesimama kando ya mifupa, jasho lawatoka, na chini yao hapakuandikwa neno.

Ilipita miaka karibu 100. Mwaka 2007 bingwa mmoja wa Ujerumani aliitazama tena mifupa miwili ya shingo iliyotoka Tendaguru, akaona kwamba ni ya mnyama ambaye alikuwa hajatambuliwa. Akamwita Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti bin Amrani. Basi sasa jina la mnyapara yule limo katika vitabu vya elimu pamoja na majina ya mabwana wake, wala halitafutika.

Twawaombeni mlitafakari jambo hilo. Tumesema kwamba mfupa uliopoteza mahali pake umepoteza nusu ya ushahidi. Habari za watu nazo ni vivyo hivyo. Tukisema tu, "Wajerumani walichimba mifupa Tendaguru," tumeung'oa mfupa tukauacha udongo wake.

Neno la mwisho ni la matumizi. Mifupa ya kale haikwisha. Mkulima aweza kuigonga kwa jembe, na mtoto wa shule aweza kuiona katika korongo baada ya mvua kubwa. Ukiona jiwe lenye umbo la mfupa, zito kuliko mfupa, na lenye vitundu vidogo pale lilipovunjika, usiling'oe, wala usilivunje kutazama ndani, wala usimwuzie mpita njia. Weka alama mahali pale. Tazama liko katika udongo wa namna gani, na kama kuna makombe au mifupa mingine karibu. Kisha peleka habari kwa mwalimu au kwa wakuu wa kijiji, nao wazifikishe kwa makumbusho ya taifa au kwa idara ya mambo ya kale. Tena uandike jina lako na tarehe, ili atakayeandika habari hiyo baadaye asiwe na udhuru wa kukusahau.

Kwaherini, na Mungu akipenda tutazungumza tena.